Watu Walionijua Machakos

Kabla sijatimiza miaka thelathini nilivuka mpaka wa nchi yangu mara moja tu, na nilivuka kwenda kumwona mtu ambaye sikuwahi kuisikia sauti yake. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, mpiga chapa katika ofisi ya shamba la mkonge karibu na Korogwe, na yeye alikuwa na kibanda cha mitumba katika soko la Machakos, Kenya. Tulikuwa tumeandikiana barua kwa miaka minne.

Tulikutana kwenye gazeti, katika ule ukurasa wa kutafuta marafiki wa kalamu. Kila aliyetaka rafiki alitoa anwani yake, umri wake na mambo anayoyapenda. Wengi walipenda muziki, kandanda na kubadilishana picha. Yeye alisema anapenda kupika na kusikiliza watu. Nilimchagua kwa hilo la mwisho.

Barua za mwanzo zilikuwa za salamu na hali ya hewa. Alinieleza ukame wa kwao, upande wa Mwala, na mbuzi wa baba yake waliojua kufungua mlango wa jikoni. Mimi nilimweleza habari za mkonge, za mto ulivyofurika, na za bosi wangu anayekoroma ofisini saa nane mchana. Kisha, katika mwaka wa pili, nikamwandikia jambo ambalo sikuwahi kulitamka kwa mdomo.

Nilipokuwa kidato cha pili nilipata mimba. Mama hakunipiga. Alinipeleka kwa bibi, milimani Lushoto, akakaa nami huko mpaka nikajifungua, halafu akarudi nyumbani na mtoto mgongoni na kuwaambia majirani kwamba Mungu amemkumbuka ukubwani. Baba alikuwa akifanya kazi mbali na kurudi mara moja kwa mwaka. Alikubali hesabu ya miezi aliyopewa, au alijifanya kuikubali. Mtoto, msichana, alikua akimwita mama yangu mama na mimi akiniita dada. Ukweli tuliujua watu watatu: mama, bibi na mimi. Rafiki yangu akawa wa nne.

Alinijibu kwa kurasa sita. Karatasi zilikuwa na madoa ya maji, nikaamini ni machozi. Kati ya yote aliyoyaandika, sentensi moja niliishika kwa moyo: "Siri yako nimeiweka mahali ambapo hata mimi nikiitafuta siioni." Nililia mchana kutwa kwa sentensi hiyo. Tangu siku hiyo nikawa ninamwandikia karibu kila wiki, na kila wiki nilikuwa na la kusema. Nilimwandikia jino la kwanza lililong'oka. Nilimwandikia surua. Nilimwandikia siku mtoto alipoanguka kutoka kwenye mpera, akainuka na damu kwenye goti, akanipita mimi niliyekuwa nimefungua mikono, akakimbilia kwa mama. Naye kila aliponijibu aliomba zaidi. Alivaa nini siku ya kwanza ya shule? Anacheka kama nani? Usiache kitu, aliandika, niambie yote.

Basi nilipopata likizo nikafunga safari.

Nilishuka Machakos alasiri, vumbi mpaka kwenye kope, nikiwa na begi la nguo na furushi la zawadi: doti mbili za kanga, iliki, na nazi sita zilizonitesa pale mpakani Namanga, maana ofisa mmoja alitaka kujua mtu mwenye akili timamu anasafirije na nazi. Rafiki yangu alikuwa akinisubiri stendi. Alikuwa mfupi kuliko picha yake, mwenye mwanya, na alipoita jina langu nilishtuka. Sauti yake ilikuwa nzito kama ya mwanamume. Miaka yote ile nilikuwa nikimsoma kichwani kwa sauti nyembamba.

"Ni wewe! Ni wewe kabisa!" alisema, akanikumbatia mpaka miguu yangu ikaacha ardhi.

Chumba chake kilikuwa kidogo na kisafi. Alinipikia kuku, akanipa kitanda, yeye akatandika chini. Tukila aliniambia, "Kesho tunaenda soko. Watu wanangoja kukuona." Nilidhani ni namna yao ya kumkaribisha mgeni.

Mimi ni mtu wa maduka na magulio. Naweza kushinda mchana mzima nikishika vitu na kuvirudisha, nisinunue hata sindano, na nikarudi nyumbani nimeshiba. Kwa hiyo asubuhi ile nilipoingia soko la Machakos nilihisi kama mtoto. Mitumba ilikuwa imemwagwa juu ya maturubai na wauzaji wamesimama katikati ya malundo, nguo zikiwafika magotini kama watu wanaovuka mto. Kulikuwa na viatu vya matairi vimepangwa kwa ukubwa, masufuria yaliyoning'inia mpaka yakakugonga kichwa, maduka ya misumari na mabati ambamo mtu mmoja akiingia mwingine lazima atoke. Redio tatu zilipiga nyimbo tatu za Kikamba kwa wakati mmoja. Na kila mahali nilipotazama niliona katani. Ile katani ambayo mimi nilizoea kuipiga chapa kama marobota na tani, hapa wanawake waliisokota kwenye mapaja yao huku wakiuza nyanya, na kutoka kwenye mapaja hayo vikatoka vyondo, vikapu vya kusuka, vya rangi ambazo sikujua mkonge unaweza kuzibeba. Nilisimama nikaangalia kidole cha mwanamke mmoja kikienda na kurudi mpaka rafiki yangu akanivuta mkono.

Wa kwanza kunipokea alikuwa mama mzee muuza maembe. "Wakya!" alinisalimu. Rafiki yangu akaninong'oneza kwamba jibu lake ni "Aa." Nikajibu. Mama yule akafurahi, akamgeukia rafiki yangu.

"Ni yeye?"

"Ni yeye."

"Ule wa Korogwe?"

"Yeye mwenyewe."

Alinishika uso kwa mikono miwili iliyonuka maembe, akaniangalia kwa muda mrefu kupita kiasi, kisha akanijazia mfuko na kukataa nimlipe.

Kwa muuza viatu ilikuwa hivyo hivyo. Nilinyoosha mkono kugusa kandambili za ngozi na kabla sijasema neno alikuwa ameshachagua jozi. "Hii itaenda. Huu mguu wa kushoto sitakaza sana, si ndiyo huo ulichomeka na uji?" Ni kweli, niliunguzwa na uji nikiwa na miaka mitano, na kovu langu halipendi kamba. Nilimtazama rafiki yangu. Alicheka na mwanya wake wote. "Wewe ni maarufu huku!"

Fundi cherehani mmoja mzee, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliondoa mguu kwenye pedali akasimama nilipomwamkia. Alinishika mkono akawa anautikisa. "Kiswahili chako, binti! Kiswahili chako!" Nilidhani ananisifu bure, kwa sababu nilikuwa nimesema shikamoo tu. Na mchana, katika kibanda cha chakula, mama mpishi alituletea muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharage, akaniwekea sahani yangu peke yake. "Yako sijaweka kitunguu," alisema.

Ningejiuliza, lakini sikujiuliza. Nilikuwa na furaha mno. Nyumbani nilikuwa mtu wa kupima kila neno, wa kukaa mbali kidogo na mtoto wangu mwenyewe ili watu wasione jinsi ninavyomtazama. Pale kila mtu alinipenda kabla sijafungua kinywa. Nilijiambia: hivi ndivyo inavyokuwa mtu akiwa na rafiki wa kweli, anakusifia kwa watu wake mpaka wanakujua.

Baada ya chakula vijana wa mikokoteni waliingia na mabelo mapya ya mitumba, na wauzaji wote wa mitumba wakaondoka mbio kwenda kugombea. Rafiki yangu akavua viatu ili akimbie vizuri. "Kaa hapa kwa jirani, narudi sasa hivi," aliniambia, akapotea.

Jirani yake alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, mpole, aliyeuza nguo za watoto. Alinipa kigoda. Nikaanza kupekua lundo lake kwa mazoea, na mkono wangu ukaokota gauni la bluu lenye kola nyeupe. Nililipima kwa macho.

"Hiyo ni ndogo," mwanamke alisema. "Chukua hii ya manjano. Ameshafika miaka saba sasa, si ndiyo?"

"Nani?"

"Mtoto."

"Ni mdogo wangu," nilisema upesi. Nilikuwa nimelisema neno hilo mara nyingi kiasi kwamba lilitoka lenyewe.

Yule mwanamke aliweka gauni chini. Alitazama kushoto na kulia, akanisogelea mpaka goti lake likagusa langu, akanishika mkono kama unavyomshika mfiwa.

"Mwaitu," aliniambia, akiniita mama kwa Kikamba, "hapa usiogope. Hapa sisi wote tunajua ni wako."

Nakumbuka sauti za soko hazikupungua. Mtu alikuwa akipiga kelele za bei ya mashuka. Mimi nilibaki na gauni la bluu mapajani.

"Bado anakuita dada?" aliuliza.

Nilianza kulikunja lile gauni, naye akadhani ni huzuni, akaendelea kunifariji. Ndivyo nilivyopata habari yote, kwa kufarijiwa. Barua ikifika, aliniambia, saa kumi jioni wateja wakipungua, walikuwa wanakusanyika kibandani kwa rafiki yangu. Mama wa maembe, muuza viatu, mama mpishi, yeye mwenyewe, na wengine kutoka upande wa mboga. Rafiki yangu alisoma, na penye Kiswahili kigumu fundi alisimamisha cherehani na kuwageuzia kwa Kikamba. "Ile siku mtoto alianguka kwa mti akakimbilia mama yako," alisema, na macho yake yakajaa maji hapo hapo, "mimi sikuuza kitu tena. Nilifunga nikaenda nyumbani. Nilisema, huyu msichana anabebaje hii kitu?"

Nilishukuru. Naona aibu kusema, lakini ndivyo nilivyofanya. Nilimwambia asante mama, kisha nikamsubiri rafiki yangu.

Alirudi na mzigo wa nguo kifuani, jasho linamtiririka, anacheka. Nikasimama.

"Barua zangu ziko wapi?"

"Barua?"

"Zangu."

Alimtazama jirani yake. Jirani alitazama chini. Rafiki yangu akaweka nguo juu ya meza, akainama, akavuta boksi la kadibodi kutoka chini yake. Nadhani hadi wakati huo hakuwa ameona kosa. Alilitoa kama mtu anayeonyesha mali aliyoitunza. Barua zilikuwa zimefungwa kwa kipande cha kitambaa. Nilichomoa moja. Karatasi ilikuwa imelegea kama nguo iliyofuliwa mara nyingi, ina alama za vidole, mafuta, duara la kikombe cha chai. Juu ya maneno yangu, kwa penseli, mtu alikuwa ameandika maneno ya Kikamba.

"Uliniambia umeiweka mahali ambapo hata wewe huioni," nilisema.

"Lakini kwani nani hapa anakujua? Machakos na Korogwe ni wapi na wapi? Nani angetoka hapa aende aambie mtoto?"

"Uliwasomea."

"Niliwasomea, ndiyo. Walikuwa wanalia! Walikuwa wanakupenda. Mpaka kanisani tulikuweka kwa maombi."

"Kwa jina?"

Akaanza kukunja nguo alizokuja nazo. Watu walianza kusimama karibu yetu, wale wale walionishika mikono asubuhi. Akanivuta nyuma ya pazia la mashuka, tukasimama kati ya magunia, na hapo sauti yake ikashuka.

"Wewe hujui vile nilikuwa hapa," alisema. "Nilikaa miaka na hakuna mtu alikuwa anasimama kwangu. Walikuwa wananipita hivi, wanaenda kwa wengine. Hiyo barua yako ilikuja, nikafungua hapa hapa, nikakuta neno sielewi, fedheha. Nikaenda kuuliza fundi. Akasema nisome yote ndiyo aelewe. Nikasoma. Mama wa nguo za watoto akakaribia. Kesho yake wakaniuliza, ingine inakuja lini? Ndiyo watu wakaanza kunijua. Mimi sikuwa na kitu. Barua zako ndizo zilikuwa kitu yangu."

Kuna wakati mwingine maishani nimefikiria maneno hayo nikamhurumia. Siku ile sikumhurumia. Jambo lingine lilikuwa limeanza kunifungukia.

"Uliponiuliza alivaa nini siku ya kwanza ya shule," nilisema, "nani alitaka kujua?"

Alikwaruza gunia kwa kucha. "Mama wa maembe."

"Na anacheka kama nani?"

"Huyo ni fundi."

"Na ile sentensi. Ya siri. Nani aliiandika?"

Sasa aliona. Nilimwona akiona. "Fundi," alisema, kwa sauti ndogo ambayo sikudhani anayo. "Mimi Kiswahili yangu si unajua. Alinisaidia tu kidogo."

Miaka minne nilikuwa nikimfungulia moyo mtu mmoja, na aliyekuwa akinijibu lilikuwa soko.

Nilihesabu barua haraka haraka nikajua hazijatimia. Alisema zingine zimeazimwa. Neno hilo, zimeazimwa, kama vyombo vya harusi. Nikamwambia anitajie zilipo, na sikutaka anisindikize. Basi nikaanza kupita soko lile lile nililolipita asubuhi, safari hii nikidai.

Fundi alikuwa na mbili. Alizitoa kwenye droo ya vifungo, zimenyooka kabisa. Alikuwa amezipiga pasi. Aliniambia alizitumia kuwafundisha wajukuu wake insha. Alinipa kwa mikono miwili. "Binti, mimi nilidhani umekubali. Alituambia ulisema ni sawa tusome." Nilitaka kumkasirikia, lakini nilipomtazama nilikumbuka kwamba huyu ndiye aliyeniandikia ile sentensi, na sikujua nimwangalie kwa macho gani. Nilichukua zangu nikaondoka bila kuaga.

Mama mpishi alikuwa na moja nyuma ya kopo la chumvi. Alinipa bila kuniangalia, akarudi kuchochea moto.

Mama wa maembe alikuwa na moja ndani ya Biblia, na hakujua kusoma. Ilikuwa ile ya surua, ambayo mwisho wake nilisema mtoto ameamka amepona na anadai chai. Alikuwa ameombwa airudishe mara nyingi, akakataa. Nilipoiomba aliishika kifuani, akasema maneno ya Kikamba ambayo sikuyaelewa, akilia. Nililazimika kumfungua vidole, kimoja kimoja. Watu walikuwa wakitazama, na kwa jinsi walivyonitazama, mwizi nilikuwa mimi.

Iliyobaki ilikuwa ile ya kwanza ya siri yangu, yenye neno fedheha. Rafiki yangu alisema iko Tala, mji mwingine wa huko huko, kwa binamu yake anayeuza ndoo na mabeseni.

Sikulala vizuri kitandani kwake, naye hakulala vizuri sakafuni. Kulipokucha nilivaa, nikachukua begi langu. Alikuwa ameninunulia chondo, cha yule mwanamke niliyesimama jana nikimtazama akisokota. Aliniwekea begani. Nilikivua nikakiweka kitandani.

"Utaniandikia?" aliuliza mlangoni.

Nilimwuliza kama anataka nimjibu yeye peke yake au nisubiri wengine wafike. Ni neno baya kuliko yote niliyomwambia, na nililitunga usiku kucha.

Tala nilifika soko likiwa limeshachangamka. Nilipita kwenye nguo, kwenye majembe, kwenye mbaazi zilizomwagwa juu ya magunia, waendesha baiskeli wakinipigia kengele nipishe, mpaka nikaona mnara wa ndoo za plastiki. Binamu alikuwa mwanamke kijana, mrembo, mwenye haraka. Nilimwambia nimetoka Machakos, nimekuja kuchukua barua.

"Barua gani?"

"Aliyokuazima binamu yako."

"Mimi sina barua ya mtu."

Jirani yake, aliyekuwa akiuza vikombe, akaangua kicheko. "Si ile ya Mtanzania? Ile ulitusomea mpaka ukalia?"

"Ah, hiyo." Alimkabidhi mteja beseni, akapokea pesa, akazifunga kwenye ncha ya leso. "Hiyo iliraruka. Ni watoto." Kisha akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Kwani wewe ni nani?"

Wale wawili walisubiri. Muuza vikombe alikuwa bado anatabasamu. Ningeweza kusema.

"Nimetumwa tu," nilisema.

Nilipofika nyumbani, mama aliniuliza Kenya kukoje. Nilimwambia masoko yao ni makubwa. Siku aliyokwenda msibani nilizichoma barua zote jikoni, na mtoto akaja kuniuliza kwa nini ninapika bila sufuria.

Rafiki yangu aliniandikia mara tatu mwaka ule. Zilikuwa barua fupi, Kiswahili kimevunjikavunjika, maneno mengine yamefutwa na kuandikwa upya mara mbili. Hakuna mtu aliyekuwa amemsaidia. Nilitambua kwamba kwa mara ya kwanza ninamsoma yeye. Alisema soko limemsusia, kwamba mama wa nguo za watoto amehamisha meza yake. Alisema samahani, na chini yake akaandika samahani tena. Sikumjibu. Nilidhani nitamjibu hasira zikipoa, na zilipopoa ilikuwa imepita miaka, na nilisikia aibu kuanza.

Lakini hofu haikupoa. Wafanyabiashara wa Kenya walikuwa wakija mpaka kwetu kununua machungwa na mahindi, na kila niliposikia lafudhi ile sokoni Korogwe niligeuka nikatokea upande mwingine. Niliwaza: kuna watu wangapi? Barua imesomwa Machakos, imesomwa Tala, imeombewa kanisani. Ipo siku mtu atashuka kwenye lori, amwone msichana mwenye uso wangu, amwulize kwa wema tu kama bado ananiita dada.

Kwa hiyo nikaamua kumwambia mwenyewe. Mama alikataa, tukagombana, hatukuongea kwa wiki kadhaa. Mtoto alikuwa ametimiza miaka kumi na mitatu. Nilimchukua nyuma ya nyumba, tukakaa kwenye kuta za shimo la maji ambalo halikumalizika kujengwa, nikamwambia kila kitu, kuanzia kwa bibi Lushoto. Hakunikatiza. Aliuliza maswali mawili au matatu ya kawaida, kuhusu baba yake, kuhusu jina lake nani alilichagua. Nikaanza kuvuta pumzi.

Kisha akauliza, "Nani mwingine anajua?"

Ningeweza kusema mama na bibi, na bibi alikuwa ameshafariki. Lakini nilikuwa nimeapa kwamba uongo umekwisha. Nikamwambia habari za rafiki wa kalamu, na za soko.

Alinisikiliza mpaka mwisho, uso wake ukibadilika polepole.

"Uliwaandikia kuhusu surua yangu?"

"Nilimwandikia yeye mmoja."

"Na siku niliyoanguka?"

"Na hiyo."

"Wauza ndoo," alisema. "Watu wa nchi nyingine. Wauza ndoo walijua mama yangu ni nani, na mimi sikujua."

Nilimwambia sikuwa na mtu wa kumwambia. Nilijisikia nikilisema neno hilo, na nikajua wapi nimeshawahi kusikia mtu akijitetea hivyo, kati ya magunia, akikwaruza kwa kucha. Mtoto hakungoja nimalize. Alishuka ukutani, akajipangusa vumbi la saruji kwenye sketi ya shule, akaingia ndani kwa mama.

Ilichukua muda mrefu. Hakuwa mkorofi, alinisaidia kazi, alinijibu nilipomwuliza. Lakini kwa karibu mwaka mzima hakuniita dada wala mama. Alipotaka kuniita alikuja mpaka niliposimama, akangoja nimwone.